Nimelipia gesi, mita ikagoma na futari iko jikoni

Naanza na kijana wa huduma kwa wateja wa hii kampuni ya gesi ya mtungi wenye mita, ile unayolipia kidogo kidogo kwa simu, maana hasira yangu yote iko kwake. Ilikuwa Ramadhani, jua linaelekea kuzama. Nimeona salio la gesi linakwisha, nikalipa buku tano kwa simu. Ujumbe wa muamala ukaingia, pesa ikakatwa. Mihogo imeiva, nimeshamimina tui zito, nakoroga lisikatike, moto ukazima. Natazama mita pale juu ya mtungi: sifuri. Napiga simu, nawekewa muziki weee, kisha anapokea na kuniuliza: "Sasa mama, kwani hapo nyumbani huna hata mkaa wa kumalizia?"

Mkaa! Watu waliopita mtaani kwetu Mbagala na gari la spika wakituhubiria tuachane na mkaa, macho yanaharibika, vifua vinabana, misitu inakwisha! Mimi nilishagawa jiko langu la mkaa kwa jirani. Nikamwambia, "Baba, nina watu wamefunga hapa." Akajibu "mfumo uko chini, vuta subira", akakata. Adhana imetoka tui limeshakatika, tumefuturu tende na maji. Gesi ilifunguka usiku, watu wamelala. Hakuna aliyepiga kusema samahani.

Tusidhulumiane lakini, huduma yenyewe ni ya maana sana. Kujaza mtungi mdogo wa kilo sita ni elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na mtu anayeuza vitumbua haishiki hela hiyo mara moja. Mkaa unatushinda kuuacha kwa sababu unauzwa kwa kopo, unanunua wa leo. Hawa wamekuletea mtungi, jiko na mita bila kulipa gharama yote mwanzoni, unanunua gesi ya buku au buku mbili kama unavyonunua umeme wa LUKU. Mtungi ukikaribia kwisha wanauona kwenye mfumo wao, wanaleta mwingine. Sufuria zangu hazina masizi, na mwanangu anajichemshia chai kabla ya shule bila kupuliza moto. Hilo siwezi kulikana.

Ila nikikumbuka zaidi napandwa upya. Mita ile ina laini ya simu ndani, kila ninachochoma kinapimwa na kupelekwa kwao. Biashara za namna hii huweza kutumia vipimo hivyo hivyo kuuza hati za kupunguza hewa ukaa, ule moshi unaochafua anga, yaani mkaa ambao mimi sikuuchoma unageuka pesa. Sina kinyongo na hilo, bila pesa hizo pengine mtungi usingefika kwangu. Ninachouliza ni hiki: kama wanaweza kujua nimechoma gramu ngapi, wanashindwaje kujua kwamba nimelipa na mita haijafunguka? Taarifa za kunikata salio zinafika kila siku, ya kunifungulia ndiyo inakwama?

Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama mmoja akiaibika mbele ya wageni wake, mtaa mzima unasikia. Shoga yangu alikuwa ameshajaza fomu, baada ya siku ile akarudi kwenye kopo lake la mkaa, na sikuwa na neno la kumzuia.

Nilitaka kutoa nyota moja, natoa mbili. Au tatu, kwa ajili ya gesi yenyewe tu. Yule kijana hapati hata nusu. Mitandao ya simu inatukopesha salio hata usiku wa manane. Nanyi wekeni gesi ya dharura kwenye mita, hata ya kumalizia sufuria moja, mfumo ukianguka ifunguke yenyewe tukatwe baadaye. Mkiiweka, nitarudi hapa kubadilisha nyota.