Kava za nguo za kabatini: ukiwa Dodoma angalia shingo kabla hujalipa

Niaje familia, karibuni tena chaneli yetu, leo tupo chumbani hapa Ilazo, na lile kabati mlilokuwa mnaliulizia ndo hili, fundi kamaliza, mashati huku, vitenge vimekunjwa chini, suti na magauni ya sherehe kule mwisho yamefunikwa. Wengi mmeniandikia hizo kava ni za nini, zinasaidia kweli au urembo tu. Haya tuongee.

Saizi, rangi, urefu, hayo yote yameandikwa kwenye pakiti, sitawamalizia bando. Mi nataka tuongelee shingo. Dogo sogeza kamera, sogeza, hapahapa juu hanga inapotokea. Mnaona hili tundu? Vidole vyangu vitatu vinapita, halafu kinachotakiwa kupita hapa ni waya wa hanga, mwembamba huu! Sasa jamani hili linaniudhi, yaani linaniudhi sana, kwa sababu vumbi la Dodoma mnalijua, kuanzia mwezi wa saba upepo ukishika mpaka mvua inyeshe Desemba huko, unafuta meza asubuhi na jioni unaandika jina lako juu yake. Na vumbi linatua kutoka juu, sasa we umefunika nguo nzima halafu juu kabisa ukaacha mlango wazi, umefunika nini?

Ngoja muone wenyewe. Hili koti jeusi limekaa humu tangu upepo uanze. Nachukua kitambaa cheupe, kisafi, mnakiona. Napitisha huku chini karibu na mfuko, hakuna kitu. Mkono wa koti, hakuna kitu. Sasa begani, kando ya kola... haya tazameni. Dogo leta karibu. Mstari mwekundu kabisa, na upande wa pili hivyohivyo. Likikaa hivyo msimu mzima ukija kulivaa unakung'uta, unapiga brashi, na vumbi ni mchanga ule, kila ukisugua unakwangua kitambaa, mwisho koti linachakaa mabegani.

Sasa hii nyingine. Kitambaa kilekile, zipu ileile, ila shingoni wameweka lastiki, ukiipitisha hanga inabana yenyewe. Koti la kahawia hili limening'inia pembeni ya lile jeusi muda wote. Napitisha kitambaa begani... safi. Kola, safi. Aisee aliyefikiria hii lastiki namheshimu, maana ni kitu cha senti chache kinachofanya kazi yote. Na kama ulishanunua zile za tundu kubwa usizitupe, mpelekee fundi cherehani akushonee lastiki, dakika chache tu.

Nikiwa hapohapo, zile za plastiki ngumu inayoonyesha ndani, najua zinapendwa kwa sababu unaona nguo bila kufungua, ila mi sizitaki. Weka mdomo hapa upulize, hewa haipiti. Umetoa nguo kwenye pasi bado ina joto na unyevu ukaifungia humo, unyevu unabaki na nguo, unakuja kukuta harufu ya uvundo, na watu wa Dar na Tanga ndo kabisa, kwao ni ukungu moja kwa moja. Hizi za kitambaa zinapumua, ni kitambaa kile cha mifuko mbadala iliyojaa masokoni baada ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Ubaya wake mmoja, hakipendi jua, ukiitundika dirishani juani inachakaa inaanza kupukutika, kwa hiyo ikae kabatini.

Kuna dada kauliza, je nikiweka na naftalini? Dada yangu, vile vidonge vyeupe vinaua nondo, yule mdudu wa nguo, kwa mvuke wake, na mvuke huo lazima ufungiwe sehemu isiyopitisha hewa, ukivimwaga kwenye kabati linalofunguliwa kila siku mnavuta nyie mliolala humo chumbani. Mtoto anaona pipi. Na mwenye upungufu wa G6PD, ile hali ya kurithi ya chembe nyekundu za damu, vinaweza kumvunja chembe za damu, hasa kichanga, kwa hiyo nyumba yenye mtoto mi nasema hapana. Halafu nondo mwenyewe unayemuona anaruka hali nguo, anayekula ni kiwavi wake, na anapenda sufu, hariri na manyoya, pamba anaigusa ikiwa na jasho au mchuzi. Ndo maana nasema fua kwanza, kausha vizuri, ndo ufunike. Karafuu na mwarobaini wekeni kwa harufu, ila kiwavi akishaingia hamtoi kwa karafuu.

Bei sasa. Mi za lastiki nimechukua 7,000 moja pale Majengo, za tundu kubwa ni 5,000, wale wa mtandaoni wanakupiga 12,000 na usafiri juu. Kama una suti moja ya bungeni au ya ofisini kule Mtumba, mji wa serikali, nunua moja nzuri, usichukue dazeni ya zile mbovu. Video ijayo nakuja na ile mifuko ya kunyonya hewa, kuna moja imeshaanza kuvimba yenyewe pale juu ya kabati na nina maneno nayo, kwa hiyo sabskraibu, na kwenye komenti niandikie mtaani kwako wanaziuza shilingi ngapi.