Rangi ya Kweli Kwenye Picha: Ununue Nini Kwanza

Picha ikitoka na rangi ya uongo, wengi hukimbilia kubadilisha kamera. Kamera ndiyo isubiri. Orodha hii inaanza na kinachostahili pesa ya kwanza.

1. Taa. Rangi isiyokuwemo kwenye mwanga hairudishwi na programu yoyote. Angalia alama ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, mwisho 100), lakini usiishie hapo: ni wastani wa sampuli nane tu za rangi zisizokolea, na sampuli ya nyekundu iliyokolea, R9, haimo. Ndiyo maana LED yenye CRI 80 inaweza kuwa na R9 karibu na sifuri. Kitambaa chekundu chini ya taa hiyo hutoka kimefifia, kikielekea kahawia. Ukiongeza nyekundu kwenye kompyuta, kitambaa kinakaa sawa, ila ngozi ya aliyekivaa inaiva kama ya mtu aliyebabuka na jua. Tafuta CRI 95 kwenda juu na R9 ya 90 au zaidi. Boksi likinyamaza kuhusu R9, lirudishe rafuni. Na ukishawasha taa hiyo, zima balbu za dari, funga pazia. Mianga miwili tofauti haisawazishiki kwa kipimo kimoja.

2. Kipima rangi cha skrini. Washa skrini nusu saa kabla ya kupima, kisha lenga D65 (weupe unaofanana na mwanga wa mchana), gama 2.2 (jinsi skrini inavyopanda kutoka giza hadi weupe) na mwangaza wa 120 cd/m² (kandela kwa mita ya mraba). Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwaka mno: unaipunguzia picha mwanga ukidhani umeipatia, kumbe ikichapishwa inakuja na giza. Pima tena kila mwezi. Kabla ya kulipa, hakikisha programu yake inakubali mfumo wa kompyuta yako, hasa kama kifaa kimeshatumiwa na mtu mwingine.

3. Kadi ya rangi yenye miraba 24, muundo uliotoka mwaka 1976. Iweke palepale penye kitu unachopiga, piga RAW (faili ghafi la kamera), programu itengeneze profaili ya kamera, yaani maelezo ya kurekebisha jinsi inavyoona rangi. Huharibiwa na mng'ao, alama za vidole na kupauka. Usijichapishie nyumbani: wino wa printa unaweza kulidanganya jicho na usiidanganye kamera.

4. Kadi ya kijivu. Ni rahisi na haina mambo mengi, ila inasawazisha nyeupe tu. Nyekundu iliyopotoka itabaki imepotoka. Chagua iliyotengenezwa kwa kusawazisha rangi, kwani baadhi ya zile za 18% (zinazorudisha 18% ya mwanga) zimekusudiwa kupimia mwangaza tu. Karatasi ya ofisi si mbadala: ina kemikali za kung'arisha zinazogeuza urujuanimno kuwa buluu, kwa hiyo picha inasukumwa kwenye unjano.

5. Skrini ya Adobe RGB, wigo wa rangi ulio mpana kuliko sRGB, ule wa kawaida wa skrini na mtandao. Ni ya anayechapisha. Kama picha zako huishia kwenye simu za watu, sRGB inatosha. Faili la Adobe RGB lililopoteza profaili yake (maelezo ya wigo wake wa rangi) huonekana limechujuka.