Tili, Pochi au mashine ya kadi: mfanyabiashara mdogo wa Lamu achukue ipi?

Kwanza jiulize mambo mawili: mteja wako wa kila siku hununua kwa shilingi ngapi, na ada utaibeba wewe au yeye? Mama anayeuza mahamri karibu na Mkunguni na fundi anayechonga mlango wa maelfu hawawezi kupewa jibu moja.

Ninayoitanguliza ni tili ya Lipa na M-Pesa, ile ya Buy Goods, yaani namba ya duka ambayo mteja huilipa kwa simu. Mteja hakatwi hata senti. Wewe hukatwi kwa mauzo yasiyozidi shilingi 200; zaidi ya hapo ni asilimia 0.55, yaani shilingi 5.50 kwa kila 1,000. Mwenye duka la leso au vyakula aifuate hii hata kama makaratasi yake ni mengi kidogo. Pesa za duka hazichanganyiki na za nyumbani, na mwisho wa mwezi unaona wazi umeuza nini, badala ya kukisia.

Ya pili ni Pochi la Biashara, mfuko wa M-Pesa wa pesa za biashara ulio kando na ule wa binafsi. Unajisajili mwenyewe kwa *334# kwa laini uliyo nayo, na kupokea ni bure. Ila mteja hukatwa kama anayetuma pesa: hadi shilingi 100 ni bure, 101 hadi 500 ni shilingi 7, 501 hadi 1,000 ni 13. Kwa mahamri, kahawa au maji ya madafu inatosha kabisa. Kwa muuza samaki siipendekezi: mtu akinunua changu wa 600, zile 13 atataka uzipunguze kwenye bei, na atakuwa na haki.

Mashine ya kadi inawafaa wenye nyumba za wageni Shela na maduka ya vinyago, ambako mzungu huja na kadi tu. Makato yake ni makubwa kuliko ya tili. Iulize benki kuhusu asilimia, ada ya kukodi mashine na siku ambazo pesa huchukua kuingia kwenye akaunti.

Namba yako binafsi ya M-Pesa naiweka mwisho. Pesa za unga na karo ya mtoto zinakuwa fungu moja, na mteja mwenye nia mbaya anaweza kuomba muamala urudishwe akiwa ameshaondoka na mzigo.

Lolote utakalochagua, usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ngoja wako uingie, hata kama foleni inanung'unika.