Tuisheni ya kemia ya form one, mtaani kwetu

Jamani mwanangu alikuwa anakariri tu, elementi (kitu cha aina moja tu, kama chuma), kampaundi, mchanganyiko, ukimuuliza maji ya chumvi yako kundi gani anakodoa macho. Nikampeleka kwa huyu ticha, elfu mbili kwa kipindi, na kweli hela yangu naiona. Siku ya kwanza kachanganya unga wa chuma na salfa kwenye karatasi, akapitisha sumaku, chuma chote kikaruka juu salfa ya njano ikabaki chini, hapo ni mchanganyiko. Halafu kaupasha moto mchanganyiko mwingine kwenye tyubu mpaka ukawaka mwekundu, ukipoa ni kidonge cheusi na sumaku haikishiki tena, maana hiyo sasa ni kampaundi, kwa alama za kemia FeS, yaani chuma na salfa zimeshaungana. Mtoto kaja nyumbani anahubiri mezani, mama chai hii ni mchanganyiko, sukari yenyewe ni kampaundi, sufuria ya alumini nayo inatoka kwenye elementi!

Shida ni chumba, kidogo mno na madirisha hayafunguki vizuri, moshi wa salfa unakaba koo, hilo warekebishe haraka kwa kweli, watoto wale. Ila kwa kufundisha nampa nyota nne.