Nimejaribu peni za rangi kurudisha alama za kiwandani kwenye Land Rover 109

Haya wadau karibuni tena, leo tuko gereji hapa Ngamiani, Tanga, kelele mtanisamehe jirani anagonga bati, na hii nyuma yangu ndio ile Land Rover 109 Series IIA niliyoitoa shamba la mkonge njia ya Korogwe, ilikuwa inalala kuku mle ndani. Chesisi imeshasafishwa, imekula praima, imekula nyeusi, inang'aa. Na hapo ndipo inaponikera, inang'aa mno, unaiona kama gari ya duka la watoto.

Maana gari kiwandani haitoki tupu hivi. Anayekaza nati akimaliza anapiga mstari mdogo wa rangi unaoanzia kwenye nati unaishia kwenye bolti, anayefuata akiuona anajua hii tayari, na siku nati ikizunguka ule mstari unakatika, huhitaji spana kujua imelegea. Mwingine anaandika namba kwa chaki ya nta kwenye bodi kabla trimu, yaani vile vifuniko vya ndani, haijafunika. Propela shafti, ile mihimili ya uvunguni inayozungusha magurudumu, kwenye magari ya Kimarekani zilikuwa zinapigwa mikanda ya rangi ili mtu wa kwenye laini asichanganye ya gari hii na ya gari ile, na springi za koili za Defender mpaka leo ukizipangua utakuta vialama vya rangi, fundi anazijua kwa hivyo kabla hajasoma namba. Hakuna aliyepiga hizo rangi kwa urembo jamani, ilikuwa kazi.

Sasa mtasema nani atachungulia uvunguni. Wapo! Wapenzi wa Corvette kule Marekani wana chama chao NCRS tangu 1974, wakaguzi wanainama kabisa wanatoa pointi kwa gari iliyo kama ilivyotoka kiwandani. Mimi sitafuti pointi, mimi nataka nikiingia chini nione gari iliyopita mikononi mwa watu.

Basi nikachukua vitu vitatu. Kwanza peni ya rangi ya maji, nimeinunua duka la vifaa vya shule, bei ya chai na chapati mbili. Pili uni Paint PX-20, hii ni rangi ya mafuta, inatengenezwa na Mitsubishi Pencil ya Japani, na kabla hujauliza, hapana, si wale wa Pajero, jina moja tu hawana undugu. Tatu kopo dogo la rangi ya mafuta ya kawaida na brashi iliyochakaa, ile nywele zimesimama kila upande.

Nimechora vipande vya chuma nikavitupa juu ya bati kule nyumbani Raskazone, wiki tatu, jua na upepo wa chumvi mnaujua wenyewe unavyokula geti. Halafu nikafuta kwa petroli, dizeli, na mafuta ya breki.

Peni ya maji, aisee. Juani ilivumilia, ila nimegusa na kitambaa cha petroli mara moja tu ikatoka na kitambaa. Sisi Tanga tunasema waja leo waondoka leo, mgeni akija anagoma kuondoka, lakini hii peni kweli imekuja leo na imeondoka leo. Usinunue, hata kwa bei hiyo.

PX-20 dizeli haikuijali kabisa, petroli ilipunguza mng'ao kidogo, na huo mng'ao mimi wala siutaki. Mafuta ya breki yameila, lakini mafuta ya breki yanakula karibu kila rangi, hapo hakuna wa kulaumiwa. Itikise mpaka usikie kile kigololi ndani, ncha uibonyeze pembeni kwenye kipande cha bati kwanza, usianze kwenye chesisi itakutapikia. Na fungua mlango, harufu yake si ya mchezo.

Kwa mistari ya nati na kuandika namba, hakuna kinachoigusa. Ila mikanda mipana nikachemka. Nilipiga mkanda wa njano kwenye propela taratibu, umenyooka kama nimetumia rula, nikamwita mzee mmoja hapa fundi wa zamani, nikamwambia shikamoo mzee hebu tazama, akaangalia, akasema, "Marahaba. Mwanangu hapa umechora, kiwandani walikuwa wanapaka." Akachukua thina akafuta kazi yangu yote! Akachovya ile brashi mbovu kwenye kopo, akazungusha shafti kwa mkono wa kushoto huku brashi imetulia, sekunde mbili. Mkanda umeanza mnene umeisha mwembamba, tone moja limechuruzika. Nikailinganisha na picha ya alama niliyoikuta chini ya grisi ya difu, mkono ule ule wa haraka haraka.

Hilo la picha sikilizeni vizuri maana mimi nimeumia. Upande wote wa kushoto niliupeleka ukaoshwa kwa mashine ya presha kabla sijawaza haya, kama kulikuwa na kitu kimekwenda na maji. Upande wa kulia ndio nilitumia mafuta ya taa, sabuni na mswaki, na grisi ya miaka ndio ilikuwa imetunza ile njano. Brashi ya waya iweke mbali, piga picha na rula pembeni, kisha weka nailoni juu uchore saizi yake.

Na angalia namba ya chesisi kabla hujaiga gari la mtu mtandaoni. Yangu inaanza na 252, yaani 109 ya petroli, usukani kulia, imeundwa Solihull Uingereza ikasafirishwa nzima. Ingekuwa 253 ingekuwa ilikuja vipande vipande ikaungwa nchi nyingine, na walioiunga wana mikono yao na chaki zao, sasa ukiipaka alama za Solihull unakuwa umeivalisha shati la jirani. Hizo za 253 ndio nazitafuta sasa hivi, kama mzee wako anayo Muheza au Pangani huko na haijaoshwa uvungu, tafadhali msiioshe, nitakuja mwenyewe na tochi.

PX-20 nunua, nyeupe na njano zinatosha. Brashi mbovu usinunue, iko kwenye kabati lako tayari. Kwenye zile namba za chaki ya nta vitu vyote vitatu vimeshindwa, nimebaki na chaki tu, na hii hapa naiandika nyuma ya dashibodi, baada ya hapo trimu inarudi hakuna atakayeiona tena.