Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa: nilivyorudishiwa pesa za friza

Kama kuna mtu amepokea pesa zako na mali hataki kuitoa, na deni lenyewe halizidi shilingi milioni moja, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Mimi nimeitumia hapa Mombasa na pesa zangu zimerudi. Naandika kwa sababu karibu kila niliyemsimulia habari hii aliniambia niachane nayo, eti kortini ni kwa watu wenye mawakili, na shilingi 38,000 za friza si pesa ya kushtakiana. Kwangu mimi ni pesa nyingi. Nauza barafu na juisi ya ukwaju Majengo, na najua ni pakiti ngapi za barafu zinakaa ndani ya 38,000.

Muuzaji hakuwa na duka. Alikuwa mkaazi wa Bamburi, ametangaza mtandaoni kwamba anahama na anauza vyombo vya nyumbani. Nilikwenda na kakangu, tukaikuta friza barazani: nyeupe, ya mfuniko wa juu, ina kutu kidogo karibu na mguu wa kushoto, lakini raba ya mfuniko nzima kabisa. Kakangu akaichomeka kwenye umeme, tukakaa kuzungumza, na muda si muda kuta za ndani zikaanza kushika barafu. Tukapatana. Nikamtumia arubuni ya 20,000 kwa M-Pesa pale pale, na 18,000 zilizobaki nikazituma siku niliyopata pikapu ya kuibeba. Pikapu imefika, geti limefungwa, simu haishikwi. Jioni akapiga yeye: "Dada, kuna mtu ananipa arubaini na tano. Ongeza saba uje uchukue, ama subiri nikiuza nikurudishie zako." Nikamwambia, kaka, sisi tulishamaliza biashara, friza ni yangu. Kuanzia hapo ikawa ni kesho, ni Ijumaa, ni mwisho wa mwezi, mara ufunguo uko na mke wake.

Nilipewa ushauri wa kila aina, na mwingi haukunifaa. Mmoja aliniambia nipeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 pesa zirudishwe. Huduma hiyo ni ya mtu aliyekosea namba akatuma kwa asiyemkusudia. Mimi sikukosea namba, nilimlipa niliyetaka kumlipa, basi haikuwa njia yangu. Mwingine akasema nimpeleke kwa Kadhi, kwa kuwa sote ni Waislamu. Katiba ya Kenya imempa Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Deni la friza halimo. Vijana wa mtaani wakataka tumwanike mtandaoni, picha yake na namba yake ya simu. Hilo nililikataa kabisa. Mwenye kudai nilikuwa mimi, sikutaka nigeuke mshtakiwa wa kumchafulia mtu jina.

Polisi nilikwenda, na walinieleza jambo ambalo naona kila mtu aliye katika hali hii alijue. Muuzaji akiwa hewa, mali haijawahi kuwepo, ametumia picha za kuokota mtandaoni, huo ni ulaghai, na Kanuni za Adhabu zinalitambua kosa la kupata pesa kwa udanganyifu. Hapo andikisha ripoti upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Lakini friza yangu ilikuwepo, niliigusa, na muuzaji alikuwa anapokea simu zangu akitaka. Huyo ni mtu aliyevunja mapatano, na mapatano yakivunjwa ni kesi ya madai. Polisi si wakusanya madeni.

Kabla ya kufungua kesi niliandika barua ya madai. Ukurasa mmoja tu, wa Kiswahili: tarehe tuliyopatana, bei, namba za miamala miwili ya M-Pesa, siku ambayo pikapu ilikwenda ikarudi tupu, na siku ya mwisho ya kunipa friza au pesa zangu, la sivyo naenda mahakamani na gharama zitakuwa juu yake. Nikamtumia kwa WhatsApp, nakala nyingine nikampelekea mlinzi wa nyumba yake, akatia sahihi kwamba ameipokea. Hakujibu. Ila barua ile ndiyo iliyokuja kumnyima nafasi ya kusema hakujua kama nadai.

Ushahidi uweke pamoja mapema, simu zetu hizi hupotea. Taarifa ya M-Pesa unaweza kuitoa kwa *334#, ikaja kwenye barua pepe yako ikiwa na kila muamala na jina la aliyepokea. Mazungumzo ya WhatsApp niliyapiga picha kwenye skrini yote, kuanzia "bado ipo?" hadi ile "ongeza saba", pamoja na yale yaliyoniaibisha kidogo nilipokuwa na hasira. Ukichagua vipande, mwenzako ataleta vilivyobaki. Na ile arubuni si kitu kidogo: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya inataka mauzo ya kuanzia shilingi 200 yawe na maandishi yenye sahihi, au mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au awe ametoa arubuni au sehemu ya malipo. Sisi hatukuandikiana mkataba, lakini malipo yangu yalisimama badala yake.

Sasa mahakama yenyewe. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha zikaenea mpaka huku kwetu. Inapokea madai ya mauzo ya bidhaa na huduma, pesa zako alizozishika mtu, hasara ya mali, kurudishiwa kitu kinachohamishika, hata fidia ya majeraha, mradi yasizidi milioni moja. Haigusi ugomvi wa ardhi, wala kesi za kazi, wala za kuchafuliana majina. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na hakimu habanwi na zile kanuni ngumu za ushahidi. Nilizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Kufungua kesi ni kwa mtandao wa Idara ya Mahakama. Unajisajili kwa kitambulisho, unajaza madai, unapakia vielelezo, unalipa ada kwa simu. Mimi nilifanyia saiba, nikasaidiwa kuskani, na nililoshindwa kuelewa nikaenda kuuliza kwenye dawati la huduma pale mahakamani. Katika madai sikuomba friza. Jambo hili lifikirie vizuri kabla hujajaza fomu. Sheria inakuruhusu kudai mali yenyewe, lakini friza iliyokaa kwa mtu ambaye mmeshagombana, nani ajuaye itatoka na hali gani? Niliomba 38,000 nilizolipa, 2,500 za pikapu iliyokwenda bure, gharama za kesi na riba. Basi. Sikuweka "fidia ya usumbufu" ya laki moja kama nilivyoshauriwa, kwa sababu kila shilingi unayodai utaulizwa imetoka wapi.

Kazi kubwa kuliko zote haikuwa sheria. Ilikuwa kumfikishia samansi, yaani wito wa mahakama. Kesi haiendi mpaka mahakama iridhike kwamba mdaiwa amepata habari, na mtu huyu alikuwa kweli anahama. Namba ya simu uliyo nayo, jina linalotokea kwenye M-Pesa, nyumba anayolala, mahali anapofanya kazi, mlinzi anayemjua, haya ndiyo unayotakiwa kuyajua mapema. Kilichoniokoa ni kwamba tangu mwaka 2020 kanuni za mashauri ya madai zinaruhusu samansi kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, kwenye namba anayoitumia mhusika. Samansi ilimfikia kwa WhatsApp, kwenye namba ile ile aliyopokelea pesa. Tiki mbili zikaingia, zikageuka buluu. Picha ya tiki hizo iliambatanishwa na kiapo kilichopigwa muhuri na kamishna wa viapo, na hakimu akaipokea.

Akaja. Nilikuwa nimejiandaa asije, maana mdaiwa akipuuza samansi mahakama yaweza kuamua bila yeye. Alikuja amevaa vizuri, akasema, "Mheshimiwa, mimi sikatai, friza yake ipo, aje achukue." Nilihisi moyo ukinishuka, kwa sababu kwa kauli hiyo mimi ndiye niliyeonekana mgomvi. Hakimu akamuuliza: iko wapi leo? Akasema iko kwa rafiki. Rafiki gani, anakaa wapi, anaweza kumpigia sasa hivi? Akanyamaza. Kisha akasema ameiuza.

Hapo shauri likawa jepesi. Niliulizwa maswali machache kuhusu risiti ya pikapu, naye akaulizwa kama anazikana zile namba za miamala. Hakuzikana. Sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku tatu baada ya kusikizwa, na kesi nzima iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Niliamuliwa pesa zote nilizoomba, za pikapu zikiwemo, pamoja na gharama. Kukata rufaa kunawezekana, lakini ni Mahakama Kuu na ni kwa hoja za sheria tu. Huwezi kwenda kule kuanza upya kubishana kama friza ilikuwa ya nani.

Na hapa ndipo ninapotaka tusidanganyane. Hukumu ni karatasi. Mahakama haikuwekei pesa kwenye simu. Mshindwa asipolipa, ni wewe unayerudi kuomba utekelezaji, na utekelezaji maana yake ni dalali wa mahakama wa kukamata mali, na dalali ana ada yake. Tena si kila kitu kinakamatwa: sheria inakinga nguo za mtu, vitanda, na vifaa anavyopatia riziki. Kama aliyekudhulumu hana chochote cha kushikwa, unaweza kushinda na ukabaki na ushindi wako mkononi. Kabla hujafungua kesi, muulize anayemjua kama ana kazi, ana biashara, ana gari. Wangu alikuwa na gari.

Aliomba kulipa kwa awamu mbili. Nikakubali kwa sharti kwamba iandikwe mahakamani iwe amri, isiwe ahadi ya mdomo kama zile za Ijumaa. Awamu ya kwanza ilikuja kwa wakati. Ya pili ikaanza tena kupigwa danadana, nikajaza ombi la utekelezaji, na alipoona dalali ametajwa pamoja na gari lake, pesa ziliingia asubuhi kabla hata sijafungua kibanda.

Ukishalipwa, usikae kimya. Iandikie mahakama kwamba umelipwa zote ili faili lifungwe, na mpe mwenzako nakala, kwani naye ana haki ya kuthibitisha kwamba hadaiwi tena. Hukumu na taarifa ya M-Pesa zihifadhi. Na kwa wale mnaoniuliza kama mmechelewa kwa sababu deni ni la mwaka juzi: deni la mapatano unaweza kulidai mahakamani hadi miaka sita tangu mapatano yalipovunjwa.