Mashine ya CPAP Mwanza: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mtu anayekoroma, akanyamaza ghafla kwa sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka akitweta kama aliyeibuka majini, msiseme amelala fofofo. Koo limejifunga. Misuli imelegea, ulimi umerudi nyuma, hewa imekwama, na ubongo unamwamsha kidogo ili avute pumzi. Asubuhi kichwa kinauma, presha haishuki ingawa vidonge anameza, na mchana anasinzia kwenye usukani. Mashine ya CPAP hupuliza hewa kupitia maski ili koo libaki wazi.

Kipimo kinatangulia pesa. Anza kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando kwa mfano, akuelekeze namna ya kupimwa ukiwa usingizini. Jibu lionyeshe pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa: kuanzia 5 ni hali nyepesi, kuanzia 15 ni ya kati, 30 na zaidi ni kali.

Kwa hali ya kati na kali, chaguo letu la kwanza ni CPAP inayojirekebisha yenyewe. Inasukuma hewa kooni kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji (ndicho kipimo cha shinikizo hilo), ikipanda ulalapo chali na kushuka ugeukapo ubavu. Ya pili ni CPAP ya shinikizo moja. Inatibu vizuri vilevile, ila daktari lazima ajue kiwango chako, na ukinenepa au kukonda sana kipangwe upya. BiPAP, yenye shinikizo moja la kuvuta pumzi na jingine la kutoa, ina wagonjwa wake. Ughali wake usikudanganye kwamba ni bora kwa kila mtu.

Lakini maski ndiyo inayowashinda watu, si mashine. Usikubali kuijaribu ukiwa umesimama kaunta. Lala, mashine iwashwe kwa shinikizo lako, geuka kulia na kushoto, kisha sikiliza kama hewa inapuliza machoni. Wengi maski ikivuja kidogo hukaza mikanda hadi pua ikachubuka, na ule mkazo ukaukunja mpira wa silikoni, hewa ikazidi kuvuja. Legeza, ivute maski mbele kidogo ili mpira ujae hewa, ndipo ukaze taratibu. Anayepumua kwa pua achukue maski ya pua. Anayelala mdomo wazi achukue inayofunika pua na mdomo, na mwenye ndevu nyingi ajaribu ile ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua. Uliza kabisa kama mpira wa akiba wa saizi yako unapatikana, maana huo huchakaa mapema kuliko mashine.

Kisha umeme. Bila kuwasha kipasha maji, kile kinachoipa hewa unyevu, mashine nyingi hutumia kama wati 30, yaani wati-saa 240 kwa usiku wa saa nane. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inatoa kama wati-saa 600: usiku mbili. Ukiwasha kipasha maji, matumizi yanaweza kufika maradufu, ubaki na usiku mmoja. Kwa aliye Ukerewe au kisiwa cha sola tupu, kizime. Hewa ya ziwani mara nyingi ina unyevu wa kutosha. Soma pia kibandiko cha adapta. Mashine ya AirSense 10, kwa mfano, inatumia volti 24, kwa hiyo betri ya volti 12 inahitaji kibadilishi chake, usiunge waya moja kwa moja. Adapta iliyoandikwa 100–240 haina shida na umeme wetu wa 230. Na kwa mashine za zamani, tafuta mpangilio wa mwinuko: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mashine isiyojipanga itakupa shinikizo pungufu.

Mtumba tunauweka chini kabisa. Juni 2021 Philips iliita mamilioni ya mashine zirudi, zikiwemo DreamStation za kwanza, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ilikuwa ikimeguka na chembe kuweza kuingia kwenye njia ya hewa. Ukilazimika, angalia namba ya mashine na saa ilizofanya kazi kwenye menyu, na ununue maski na mrija mpya.

Hali ikiwa nyepesi au ya kati, kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele kinasaidia, mradi daktari wa meno akitengeneze kwa vipimo vya meno yako. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe usiku husaidia pia, wala havina bei. Mtoto anayekoroma hivi akaguliwe kwanza mafindofindo.

Viache hivi: klipu za pua, plasta za pua, dawa za kupuliza. Pengine kelele itapungua, koo litaendelea kujifunga. Mtungi wa oksijeni nao haulifungui koo, na kwa wengine huongeza hewa chafu mwilini. Tafadhali usimwekee mzazi wako oksijeni badala ya CPAP bila daktari.

Kwenye tangi la kipasha maji weka maji yaliyokenekwa (distilled). Yakikosekana, yaliyochemshwa yakapoa, ubadilishe kila siku. Maji ya betri hapana, chupa zake hukaa rafu moja na asidi. Mpira wa maski uoshe kwa sabuni laini kila asubuhi, usitumie jiki wala spiriti. Chujio libadilishe kila mwezi, na wadudu wa ziwani wakivamia taa za nyumba, likague asubuhi ileile.